Limi na Ufukwe wa Ubao wa Tanga

Jumanne, 11 Juni 1985

Limi amepewa kazi ya kuwatafutia Wazungu upepo! Limi wangu. Si mtoto wa mtu mwingine.

Nilikuwa naanika mpunga uani, miguu mitupu, kilemba kimelegea. Limi akaingia na baiskeli mbio, kuku wakatawanyika. Nikadhani msiba. Kumbe furaha. Nimemwaga debe zima la mpunga kwa kucheza. Baba Limi akatoka kivulini akauliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, mwanao amekuwa mkubwa.

Niandike vizuri. Limi, binti yangu, anapima mvua na upepo kwenye kituo cha hali ya hewa, huu mwaka wa tatu. Sasa kuna watu wanne wa Mwanza wanaocheza mchezo wa ubao wa tanga. Mtu anasimama juu ya ubao kama mlango, anashika tanga kwa mikono yake mwenyewe, upepo unamchukua. Wanashindana mbio. Si kuzurura. Mbio hasa, kutoka mti huu hadi mti ule, na mtu wa kuangalia saa. Kule Mwanza mawe mengi, vyombo vya majini vingi. Wanataka ufukwe upande wetu wa Geita. Mkuu wao ni Bwana Eriki, Mzungu fundi wa mashine za kuchoronga miamba, hawa wanaotafuta dhahabu. Alikwenda kituoni kuuliza ni nani anayeujua upepo wa huku. Bwana Fabiani, mkuu wa kituo, akamwonyesha Limi.

Wanataka mambo mawili. Upepo mkali na usalama. Ufukwe ukikubaliwa, jina la Limi linapelekwa Dar es Salaam, masomo ya upepo, miezi sita. Akishindwa anakwenda Renatus, mwenzake wa kituoni mwenye pikipiki. Nafasi ni moja tu.

Renatus! Anachana nywele hadi kwenye kioo cha pikipiki.

Jumatano, 12 Juni

Nimewaambia wa kisimani wote. Nimewaambia na wa kwenye mashine ya kusaga, waliokuwepo kwenye foleni na waliokuja baadaye.

Jirani yangu Mama Kulwa, yule asiyependa jambo jema lianzie nyumba nyingine, akauliza, "Kwani upepo unatafutwa? Si unakuja wenyewe?"

Nikamjibu, "Wako unakuja wenyewe. Wa mwanangu unaandikwa kitabuni."

Akajitwika ndoo yake akaondoka. Raha niliyoipata, sijui niiweke wapi.

Limi alitoka na baiskeli kabla ya jua. Ufukwe wa kwanza mbaya. Matete mengi, na kwenye matete kuna konokono, na konokono ndio kichocho. Ameufuta.

Ijumaa, 14 Juni

Ufukwe wa pili una viboko. Ameona nyayo zao. Ameufuta.

Wa tatu una upepo mzuri lakini unasukuma kutoka nchi kavu kwenda katikati ya ziwa. Limi anasema huo ni upepo wa kumzika mtu. Akianguka anakwenda na ubao wake mpaka Bukoba bila nauli. Anataka upepo unaompiga mtu ubavuni, na ng'ambo ya pili kuwe na nchi kavu ya kumpokea. Tena maji yatulie, maana ubao ukirukaruka kwenye mawimbi haukimbii.

Nikasema upepo mkali na maji yaliyotulia, hayo mawili hayalali nyumba moja.

Akasema, "Yanalala, Mayu. Ni kutafuta tu."

Ana vyeti vyake lakini mimi mama yake bado ananiita Mayu, mama kwa Kisukuma, kama nilivyomlea. Hajaanza hayo ya mjini.

Kile kifaa cha kupimia upepo, chenye vikombe vinne vinavyozunguka, amekishika Renatus. Anasema na yeye anakihitaji wiki nzima. Limi anapima kwa vumbi na kwa macho. Mimi nimekasirika. Yeye hakasiriki. Upole huo ni wa baba yake, kwangu haumo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefanya jambo.

Wageni wanataka kuuona ufukwe Jumamosi hii na Limi bado anafuta tu. Huu mbaya, ule mbaya. Mtoto amekonda, mashavu yameingia ndani. Na mimi upepo naujua! Kagunga. Wanawake wa vijiji vitatu tunakwenda Kagunga kupepeta mpunga kila mavuno. Unasimama juu ya jiwe, unainua ungo juu ya kichwa, unamwaga polepole. Makapi yanakwenda zao, mpunga unaanguka miguuni safi. Upepo haukatiki tangu asubuhi hadi jua kugeuka. Kuna upepo gani zaidi ya huo?

Nikavaa kitenge changu kizuri, nikabeba kikapu cha mchele mpya, nikaenda mwenyewe kwa Bwana Fabiani. Limi alikuwa huko na baiskeli. Nikasema ufukwe umepatikana, ni Kagunga, Limi amenituma nilete habari.

Hakunituma. Nilisema tu, ikatoka.

Bwana Fabiani akapokea mchele, akashukuru, akamwandikia Bwana Eriki barua palepale mbele yangu. Nimerudi natembea katikati ya barabara.

Jumanne, 18 Juni

Limi ameambiwa kituoni. Akarudi, akakaa jikoni kwenye kigoda.

"Mayu, umefanya nini?"

Basi. Angenifokea ningejua la kujibu.

Nikamwambia nenda ukapaone kwanza. Akaenda. Anasema maji ni mazuri, hakuna matete, hakuna viboko, na ng'ambo ya kumpokea mtu ipo. Upepo ndio hajui. Leo ulikuwepo, lakini ukali wake hawezi kuusema bila kifaa, na kifaa bado kiko kwa Renatus.

Nikamwambia, kamwambie Bwana Fabiani hukunituma. Akasema hawezi kusimama mbele ya mkuu wake kumwita mama yake mwongo. Ananificha. Imeniuma, na imenifurahisha vilevile. Nina mtoto.

Tena Kagunga ni Kagunga. Jumamosi wataona.

Jumamosi, 22 Juni

Aibu.

Naandika haraka nimalize. Landrova mbili, mbao mbili juu zimefungwa kamba, nyeupe, ndefu kuliko mlango. Watu wamejaa. Niliwaalika mimi. Kwaya ya jumuiya ilikuja na ngoma. Mama Kulwa alivaa viatu.

Upepo ulikuja. Uleule wa siku zote. Bwana Eriki akapanda ubao, akainua tanga, likajaa kidogo. Ubao ukaenda kama mgonjwa anayepelekwa chooni. Babu mmoja mwenye fimbo alikuwa anapita ufukweni na safari zake. Akaenda sambamba naye. Akamwacha.

Bwana Eriki alijaribu mara tatu. Akashuka, akaniamkia, "Shikamoo Mama," akasema hapa ni pazuri sana kwa kuogelea. Hata Mzungu alinionea huruma.

Renatus akapaza sauti, "Mama Limi, hapa tungeleta nyungo, siyo matanga!" Watu wakacheka. Kwaya ikacheka. Mama Kulwa alishika mbavu.

Bwana Fabiani akamwambia Limi mbele ya wote, mpaka Jumamosi ijayo, baada ya hapo naandika jina la Renatus. Limi akasema, "Ndiyo, mzee." Hakusema ni mama. Na mimi nilikuwa palepale. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Sikuufungua.

Mjinga ni mimi. Naandika hivyo hivyo, nisije baadaye nikajigeuzia maneno.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza. Nimekaa nyuma, mahali pa wanaochelewa.

Baada ya misa nikamfuata Bwana Fabiani uwanjani, mbele ya mke wake. Nikasema Limi hakunituma. Nilisema mimi, Kagunga ni yangu, uongo ni wangu.

Akasema, "Mama Limi, mchele wako nimeshakula."

Nikasema mchele ni wako, kosa ni langu, mtoto hana lolote. Mke wake akaangalia pembeni, alikuwa anacheka. Bwana Fabiani akasema amesikia, lakini Jumamosi ni Jumamosi, wageni hawasubiri.

Nimezaa mara saba. Hii imekuwa ngumu zaidi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimejua! Nimejua, na nilikuwa najua tangu zamani.

Nilikuwa nachambua mchele, naiwaza Kagunga. Imenikosea nini? Miaka yote hiyo tumeiamini. Halafu nikamkumbuka mama mkwe.

Niliolewa huku nikitoka Tinde. Wenyeji wa ziwa siwajui, ziwa lenyewe silijui. Mavuno ya kwanza mama mkwe akanituma Kagunga kupepeta. Mbali. Nikafanya uvivu, nikaishia Nyabusese, ule ulimi wa mchanga unaoingia ziwani, karibu zaidi. Nikainua ungo. Upepo ukachukua makapi. Ukachukua mpunga. Ukachukua na ungo. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, bibi harusi wa miezi mitatu. Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini. Akasema Nyabusese hapepeti mtu, labda awe analisha samaki.

Basi ndiyo hiyo. Wanawake hatuendi kwenye upepo mkali. Tunakwenda kwenye upepo wenye adabu, unaojua kutenga makapi na mpunga. Nimewapeleka watu wa mbio kwenye upepo wa jikoni! Wa kwao uko pale tunapopakimbia sisi.

Nikaacha mchele, nikaenda kituoni mbio. Umri huu, kandambili mkononi. Nikamwita Limi nje, sikuingia. Nikamweleza, nikasema mimi naishia hapa, kupima ni kwako, kusema ni kwako.

Akacheka. Mara ya kwanza tangu ile Jumanne ya jikoni. "Ukachukua na ungo, Mayu?" Nikasema na ungo.

Akageuka, akaingia ndani. Nikamsikia: "Renatus, kifaa. Wiki yako imekwisha Ijumaa." Renatus akakitoa. Sauti ile sasa, hiyo ni ya kwangu.

Jumatano, 26 Juni

Nyabusese na Limi tangu asubuhi. Mimi nimebeba upondo na viazi vya kuchemsha.

Vikombe vya kifaa vimezunguka hadi havionekani. Kitenge nimekishika kwa mikono miwili. Limi ameandika kila nusu saa mpaka alasiri. Upepo unatoka kusini mashariki, unapita juu ya ule mchanga, na mchanga uko chini, hakuna kilima wala mti wa kuuzuia. Ukishuka upande wa pili unakuta maji yamelala kama uji uliopoa. Upepo mkali, maji yametulia. Nyumba moja. Alisema, nikambishia.

Na mbele yake ufukwe unapinda, nchi kavu ipo.

Akaingia majini hadi kifuani, anagusa chini kwa upondo, hatua kwa hatua, njia nzima ya mbio. Amekuta jiwe moja kali katikati kabisa. Akasogeza njia, akasimika ufito juu ya jiwe na kitambaa chekundu. Amezungumza na wenye nyavu, siku hiyo watazitoa mapema. Amewauliza habari za mamba. Wakasema pale hawaji, mchanga ni mtupu, wao wako kwenye matete ya mtoni. Hakuridhika na maneno. Amekagua mchanga wote kutafuta nyayo, na kesho atarudia.

Mimi nchi kavu kazi yangu kumwangalia tu. Nimemwangalia siku nzima, sikuchoka.

Sijamwambia mtu. Mama Kulwa ameniuliza kisimani habari za upepo. Nikasema sijui. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 27 Juni

Hakuna nyayo za mamba. Sawa.

Vibuyu vyangu vitatu havipo. Nimetafuta jikoni kote. Nyumba hii haina adabu na vitu vya watu.

Ijumaa, 28 Juni

Upepo umelala. Hata majani ya mgomba hayatikisiki. Moshi wa jiko unakwenda juu moja kwa moja kama mshumaa.

Limi anasema ni mawingu tu, kesho utaanza saa nne. Nikauliza umejuaje. Akasema kwenye vitabu vya kituo, miaka mitatu, siku zinazofuata siku kama hii. Amekula, amenawa, amepiga pasi sketi.

Mimi sijala.

Jumamosi, 29 Juni

Nianze mwanzo nisiharibu.

Landrova moja. Bwana Eriki, Bwana Fabiani, Renatus na pikipiki yake nyuma. Kwaya hakuna. Sikualika hata mtu. Baba Limi alikuja mwenyewe, akasimama mbali kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Saa nne kamili hakuna kitu. Renatus anaangalia saa, anatuonyesha kuwa anaangalia saa. Saa nne na nusu haijafika, kitambaa chekundu kikainuka. Kikanyooka. Bwana Eriki akaanza kufunga tanga kwenye ubao, haraka haraka.

Hapo Limi akaondoka. Akachukua khanga yangu begani bila kuomba, akaanza kuzunguka ghuba kwa miguu kuelekea ng'ambo. Bwana Fabiani akauliza anakwenda wapi. Sikujua. Renatus akasema, "Anatukimbia."

Nikauma ulimi. Mimi!

Bwana Eriki akapanda. Ubao ukachomoka. Sijawahi kuona mtu akienda vile bila injini. Ameegemea nyuma hadi mgongo unakaribia maji, na nyuma yake maji yamechanika mstari mweupe. Mwanzo wa njia hadi mwisho, sijamaliza Salamu Maria moja. Akarudi. Akaenda tena. Bwana Fabiani alivua kofia, nadhani hakujijua.

Mara ya tatu kikakatika kile kiungo kinachoshika mlingoti kwenye ubao. Tanga huku, mtu kule, kishindo. Tukaona kichwa kidogo majini na mkono umeshika ubao. Upepo ukaanza kumchukua. Renatus akapiga kelele, "Anakwenda! Mtu anakwenda!" Akavua viatu. Bwana Fabiani akawa anaita mtumbwi, na mtumbwi hakuna karibu. Niliona gazeti. Niliona jina la mwanangu kwenye gazeti.

Lakini hakwenda ziwani. Alikwenda ng'ambo. Polepole, moja kwa moja, kama anavutwa na kamba. Na ng'ambo, pale pale alipokuwa anaelekea, amesimama Limi na khanga imekunjuliwa. Hakukimbia kushoto wala kulia. Alipiga hatua mbili majini, akampa Mzungu mkono, akamtoa.

Kumbe Alhamisi alitupa vibuyu majini akaona vinaishia wapi. Vyote vitatu viliishia hapo. Vibuyu vyangu! Avichukue vyote. Achukue na vyungu.

Walirudi kwa miguu, Bwana Eriki amejifunga khanga yangu kiunoni, magoti yana damu, anacheka kama mlevi. Akamuuliza Bwana Fabiani nani amemfundisha huyu. Bwana Fabiani akavimba kifua, akasema, "Huyu? Tumemfundisha sisi kituoni."

Nilitazama chini.

Limi akasema, "Kituo kimenifundisha kupima, mzee. Mahali nimeonyeshwa na mama."

Mbele ya wote. Mbele ya Renatus. Baba Limi akakohoa kule mbali.

Bwana Fabiani aliandika jina palepale, karatasi juu ya boneti, upepo unataka kuinyakua, Renatus akaishika pembe mbili isiruke. Limi, na jina la baba yake, na jina la babu yake. Nimelisoma mwenyewe, herufi zote. Renatus akampa mkono, "Hongera, dada." Nywele zimejaa mchanga, zimesimama wima. Nimempa kiazi.

Jumapili, 30 Juni

Limi amelala tangu kurudi misani. Mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, kama alivyokuwa akilala mdogo. Midomo imepasuka kwa upepo. Nimempaka samli, hakuamka. Baba yake amekaa mlangoni anafukuza kuku wasipige kelele. Asubuhi aliziba pancha ya baiskeli yake bila kuambiwa.

Kumetulia. Nimefua ile sketi.

Mama Kulwa amekuja, amekaa, amekunywa chai. Akasema atasaidia kupika siku ya mbio za Nyabusese. Nikasema ahsante. Tukachambua mchele pamoja, vizuri tu.

Nimeandika barua mbili. Moja kwa dada yangu aliyeko Tinde, nyingine kwa kaka yangu aliyeko Kambarage. Sikuandika mengi. Nimesema Limi anakwenda Dar es Salaam mara tu baada ya mbio, waje wamwone kabla hajaondoka. Miezi sita si mingi. Chumba chake nitakiacha kilivyo.

Nikihesabu, ni wale wanne na mbao zao, watu wa kituoni, kwaya, dada na watoto wake, kaka na mke wake, na ukoo wa Baba Limi ambao hawajawahi kuja pungufu. Watalala wapi, sijui. Mikeka ipo.

Wanafika wote siku ya mbio, Jumamosi, tarehe 13 Julai.